UZI: Picha kali kwenye matamasha ya muziki ya wazi, kuanzia jua la mchana hadi taa za usiku

#1 FundiMwanga

Wakuu, heshima kwenu.

Maswali ya picha za matamasha yanajirudia kila wiki na kila mtu anajibiwa nusunusu. Tuyaweke hapa pamoja. Wajuzi karibuni mrekebishe, ila tafadhali mtu aje na namba, siyo "inategemea".

Kosa mama ni kuiachia kamera ichague kila kitu. Kamera hupima mwanga kwa kudhani kwamba ukichanganya kila kilichomo kwenye fremu utapata wastani. Jukwaani hakuna wastani. Usiku sehemu kubwa ya fremu ni giza, na katikati kuna uso uliopigwa na taa kali. Kamera inaona giza, inaongeza mwanga, uso unaungua na kubaki kama karatasi. Mchana mambo yanageuka: msanii yuko kivulini chini ya paa la jukwaa, nyuma yake anga jeupe. Kamera inaona anga, inapunguza mwanga, na msanii anabaki umbo jeusi tu.

Kwa hiyo weka kamera kwenye M (Manual, wewe mwenyewe unachagua), na ufuate mpangilio huu.

Shata (muda ambao kamera inapokea mwanga) kwanza, kwa sababu ndiyo inayoamua kama kuna picha au hakuna. Mwimbaji aliyesimama kwenye maiki: 1/160 hadi 1/200 ya sekunde. Anayetembea na kucheza: 1/250 hadi 1/320. Mpiga drams, wacheza shoo, mtu anayeruka: 1/500 kwenda juu. Hata kwa 1/500 ncha za fimbo za drams bado zitaacha mkia, na hilo silioni kuwa kosa, maana zikiganda kabisa mpigaji anaonekana kama amewekwa sanamu.

Pili tundu la lenzi. Namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Jua likishazama, fungua hadi mwisho au karibu na mwisho: f/2.8 kwa zumu nzuri, f/1.8 au f/2 kwa lenzi isiyo na zumu.

ISO (kiwango cha kamera kuukuza mwanga) inakuja mwisho, ndiyo inayolipa deni. Usiku tegemea 1600 hadi 6400. Watu wanaogopa chenga (vidotidoti kwenye picha) kuliko wanavyoogopa picha iliyotikisika, wakati chenga zinasafishika na mtikisiko hausafishiki.

Kupima mwanga: tumia kipimo cha nukta (kinachopima sehemu ndogo tu ya fremu) kwenye uso wa msanii, au kile cha kulinda sehemu zenye mwanga mkali kama kamera yako inacho. Washa alama ya sehemu zilizoungua (zile zinazopepesa kwenye skrini). Taa ikipepesa, achana nayo. Paji la uso likipepesa, shusha ISO hatua moja, yaani nusu, mfano 3200 kwenda 1600.

---

#2 Kivuli50

Mkuu FundiMwanga, asante kwa uzi. Swali la sisi wa kawaida: mwenye lenzi iliyokuja na kamera, 18-55 f/3.5-5.6, afanye nini usiku? Kwa 55mm kamera inataka ISO 12800 na picha inakuwa mchanga mtupu.

---

#3 Shata_Haraka

Kivuli50, tupige hesabu kidogo. Ukivuta hadi 55mm lenzi hiyo inabanwa kwenye f/5.6. Hapo inapitisha robo tu ya mwanga unaopita kwenye f/2.8. Lenzi ndogo ya 50mm f/1.8 inapitisha takriban mara tisa hadi kumi zaidi ya f/5.6. Maana yake pale ulipohitaji ISO 6400, sasa unahitaji kama 640. Hakuna programu ya kuhariri itakayokupa tofauti ya namna hiyo.

Ila f/1.8 ina ada yake. Kwa kamera ya sensa (kipokezi cha mwanga) ndogo, APS-C, lenzi ya 50mm, f/1.8, msanii akiwa mita 2, kina cha fokasi (eneo linalotoka kali) ni kama sentimita 11 tu, yaani kama sentimita 5 na ushee mbele na nyuma ya pale ulipolenga. Kamera ikinasa wavu wa maiki badala ya jicho, macho yanatoka laini. Mita 3 kina kinafika kama sentimita 25, unapumua. Ukiwa karibu sana bana hadi f/2.5.

Kama huna lenzi hiyo, basi 18-55 itumie hivi: jua likiwepo, piga chochote. Giza likiingia, baki 18mm kwenye f/3.5 na upige picha pana: jukwaa zima, mihimili ya taa kwenye moshi, vichwa vya umati kwa mbele. Picha pana inavumilia 1/100 kwa sababu msanii ni mdogo kwenye fremu, mwendo wake hauonekani sana. Sura ya karibu kwa lenzi ile usiku ni kujitafutia presha.

---

#4 Njiwa_Manga

Lakini lenzi yangu ina kidhibiti cha mtikiso, si naweza kushuka hadi 1/30 na ISO ikabaki chini?

---

#5 Shata_Haraka

Dada Njiwa, kidhibiti kinatuliza mkono wako, msanii hakimtulizi. Kwa 1/30 spika, nguzo na bango la nyuma vitatoka vikali kama wembe, na katikati yake mtu mwenye pua mbili. Kinafaa jukwaa likiwa tupu, au ukitaka makusudi wacheza shoo wawe michirizi huku jukwaa limetulia. Kwa hilo jaribu 1/15 hadi 1/30 na upige fremu nyingi, maana nyingi zitaharibika.

---

#6 MamaLenzi

Niongeze mchana, wengi wanaudharau kumbe ndio mgumu.

Msanii akiwa kwenye jua la moja kwa moja: ISO 100, f/4, shata itaangukia karibu na 1/1600. Mwanga hauna shida, shida ni mahali unapotoka. Jua la utosini linachimba mashimo meusi kwenye macho, na mwenye kofia hana uso kabisa. Huwezi kumwomba asogee, kwa hiyo unasubiri. Waimbaji huinua kidevu wanapovuta noti ndefu, hasa mwisho wa kiitikio. Hapo jua linaingia machoni. Nusu sekunde hiyo ndiyo picha yako; kabla na baada yake unajaza kadi bure.

Chini ya paa: ISO 400, f/2.8, mara nyingi shata inakuwa kati ya 1/400 na 1/1000. Pima uso, anga la nyuma liungue tu. Usipotaka anga hilo, badilisha unaposimama hadi nyuma ya kichwa cha msanii pawe na pazia jeusi la jukwaa au ukuta wa spika. Hatua mbili kushoto zinaokoa saa nzima ya kuhariri.

Halafu jua la jioni. Kabla ya kufika uwanjani fungua ramani uone jukwaa linatazama upande gani. Linalotazama magharibi litamwagiwa mwanga wa dhahabu usoni mwa wasanii katika saa ya mwisho ya jua. Linalotazama mashariki litakuwa na jua nyuma yake: hapo unapata nywele zenye mng'ao, vumbi la umati likiwaka, na maumbo meusi. Kila moja linataka usimame mahali tofauti, na ukishaingia umati umejaa huwezi tena kuhama.

---

#7 chenga_tupu

Wakuu, kuna ugonjwa mmoja: picha inatoka na mistari ya kulala, mwangavu, giza, mwangavu, giza. Kwa macho jukwaa lilikuwa safi. Kamera imekufa?

---

#8 FundiMwanga

Kamera nzima, chenga_tupu. Huo ni ugomvi wa taa za LED na shata.

Taa nyingi za LED hupunguzwa ukali kwa kuwashwa na kuzimwa haraka sana. Jicho linaona mwanga mmoja uliotulia, kamera haidanganyiki. Ukitumia shata ya kielektroniki (ile isiyo na mlio), sensa inasomwa mstari kwa mstari toka juu hadi chini. Kwenye kamera nyingi zoezi hilo zima linachukua kitu kama 1/20 hadi 1/60 ya sekunde, hata kama umeweka 1/1000. Mistari ya juu inasomwa taa ikiwa imewaka, inayofuata taa ikiwa imezima, na kuendelea. Ndiyo hiyo mistari yako.

Tiba ya kwanza: rudi kwenye shata ya mitambo. Mapazia yake yanapita haraka zaidi, mistari inapungua sana au inaisha. Mlio wake hautasikika na mtu yeyote mbele ya spika.

Ikibaki, shusha kasi ya shata. Kwa taa zinazofuata umeme wa 50Hz, mwanga unapepesa mara 100 kwa sekunde, hivyo 1/100 au 1/50 inabeba mpepeso kamili. Kwa 60Hz ni 1/120 au 1/60. Ile hali ya kuzuia mpepeso iliyomo kwenye kamera nyingi imetengenezwa kwa ajili ya mipepeso hii ya 100 na 120. LED za jukwaani na skrini kubwa za nyuma hupepesa haraka zaidi ya hapo, kwa hiyo usishangae ukiiwasha na isisaidie kitu. Baadhi ya kamera mpya zina shata inayorekebishwa kwa vipande vidogo sana, mfano 1/250.6 badala ya 1/250. Unazungusha huku unatazama skrini mpaka mistari inatulia.

Piga fremu mbili za majaribio kabla msanii mkuu hajapanda, uzikuze kwenye skrini. Mistari ikishaingia kwenye uso, hakuna kuiondoa vizuri baadaye.

---

#9 Kivuli50

Na rangi je? Wakiwasha nyekundu tupu msanii anakuwa nyanya.

---

#10 MamaLenzi

Nyekundu na bluu ndizo zinazoua picha, na sababu ipo ndani ya sensa. Kwenye sensa ya kawaida nusu ya vipokezi vinaona kijani, robo nyekundu, robo bluu. Taa ikiwa nyekundu tupu, unapiga kwa robo ya sensa na zilizobaki zimelala. Maelezo ya ngozi yanapotea, na ile robo inajaa hadi kuungua huku histogramu ya jumla (grafu ya mwanga kwenye skrini) ikikuambia mambo safi.

Kwa hiyo fungua histogramu ya rangi tatu, siyo ile moja nyeupe. Ukiona nyekundu imegonga ukuta wa kulia, shusha hatua moja hadi moja na nusu. Picha itaonekana nyeusi kwenye skrini, iache hivyo. Waiti balansi (mpangilio wa rangi ya mwanga) usiiache Auto, itayumba fremu kwa fremu na utajuta ukianza kuhariri picha 40 za wimbo mmoja. Funga kwenye 4000K hivi usiku, 5200K mchana, na upige RAW (faili ghafi la sensa) ili baadaye ubadilishe bila hasara.

Ikishindikana, geuza nyeusi na nyeupe. Kwa taa nyekundu siyo kukimbia tatizo, ngozi mara nyingi inapendeza.

Na chunguza taa zenyewe. Kwa kawaida zimepangwa kufuata wimbo: alichofanya fundi wa taa kwenye kiitikio cha kwanza atakirudia au kukikaribia kwenye cha pili. Kwenye kiitikio cha kwanza tazama taa nyeupe inapiga wapi na lini. Kwenye cha pili, kidole kiwe tayari.

---

#11 Shata_Haraka

Fokasi haijaguswa. Tumia ya kuendelea kufuatilia: AF-C kwa Nikon na Sony, Servo kwa Canon. Nukta moja au kikundi kidogo. Kutambua jicho ni kuzuri hadi maiki iingie mbele ya mdomo au msanii avae miwani ya giza. Hapo kamera inaruka kwa mcheza shoo wa nyuma na wewe hujui mpaka ufike nyumbani.

Hamisha fokasi kutoka kitufe cha kupigia uipeleke kitufe cha nyuma (AF-ON). Unabonyeza kwa kidole gumba ukitaka ifuatilie, unaachia ukitaka ibaki pale pale. Maiki ikipita mbele ya uso unaachia gumba, fokasi haiendi popote.

Moshi: kamera inatafutatafuta, lenzi inakwenda na kurudi. Usilenge shavu, halina mpaka wa kushika. Lenga ukosi wa shati, mkanda wa gitaa, mstari wa nywele.

---

#12 Njiwa_Manga

Tusaidieni pa kusimama. Kila picha ya mwimbaji maiki imemeza mdomo.

---

#13 FundiMwanga

Usisimame katikati, dada. Sogea pembeni, kama nyuzi 45. Akishika maiki kwa mkono wa kulia, mkono huo kwako uko kushoto, basi wewe nenda kulia: utaona uso bila kiwiko. Akihamisha mkono nawe unahama, au unasubiri atakaporudisha. Picha nzuri ya mwimbaji mara nyingi iko pale anapomaliza mstari na kuishusha maiki sentimita chache ili avute pumzi.

Mpiga gitaa wa mkono wa kulia, shingo ya gitaa inaelekea kulia kwako. Ukisimama upande huo shingo inakujia na vidole vinaonekana; ukisimama kushoto unapata mgongo wa mkono. Ila usisogee mpaka kichwa cha gitaa kikaziba uso.

Mpiga drams yuko nyuma, amezungukwa na matasa (zile sahani za chuma zinazogongwa). Tumia 200mm, tembea taratibu pembeni hadi uso uingie kwenye nafasi kati ya matasa mawili, kisha simama hapo hapo umsubiri ainue kichwa.

Na urefu wa jukwaa: ukijibana chini yake unapiga matundu ya pua na zile spika za sakafuni zinakata miguu. Rudi mita 3 au 4, tumia zumu ndefu zaidi, kidevu kinashuka mahali pake. Kabla ya kubonyeza angalia kichwani: stendi ya maiki ya mtu mwingine ikiota kwenye kisogo, hatua nusu inaiondoa.

---

#14 TamashaTu

Wengine tuna simu tu wakuu, na tuko mita 40 kutoka jukwaani. Tufunge uzi?

---

#15 MamaLenzi

Usifunge kaka, simu ina kazi yake ukiijua mipaka.

Futa lenzi kwanza kwa kitambaa safi. Jasho na mafuta ya kujikinga na jua ndiyo yanayofanya kila taa iwe na ukungu na mkia. Nusu ya picha "mbovu za simu" ni uchafu huo.

Flashi zima. Chukua flashi yenye namba ya nguvu (guide number, yaani umbali mara namba ya f) 12, kubwa kuliko ya simu yoyote: kwa f/4 na ISO 100 inafika mita 3, kwa ISO 400 mita 6. Jukwaa liko mita 40. Kitakachomulikwa ni visogo vya walio mbele yako na vumbi lililo hewani, linalotoka kama theluji.

Gusa uso wa msanii kwenye skrini, shikilia hadi fokasi na mwanga vifungwe, kisha telezesha kidole chini mpaka uone macho. Kawaida ni kushusha hatua moja hadi mbili usiku.

Zumu tumia zile namba ambazo ni lenzi halisi, kama simu yako ina 2x au 3x yake. Kuvuta zaidi ya hapo ni kukata tu picha, jambo unaloweza kufanya baadaye kwa utulivu.

Hali ya usiku haifai msanii anayecheza. Simu inapiga fremu kadhaa na kuziunganisha, mikono inakuwa minne. Itumie kwa uwanja mtupu, mahema, umati uliotulia kabla ya shoo. Kwa mwendo, shikilia kitufe upige mfululizo kisha chagua.

Na kwa mita 40, msanii mwache. Piga kilicho mbele yako: mikono juu, taa zikipita katikati ya vidole, rafiki akiimba kwa macho yaliyofumba huku jukwaa limekuwa ukungu wa rangi nyuma yake. Picha hiyo hata mwenye lenzi ya 200mm kule mbele hana.

---

#16 chenga_tupu

Flashi kwa kamera kubwa, walio mbele wanaruhusiwa?

---

#17 Shata_Haraka

Kwa kawaida hapana. Kanuni iliyozoeleka duniani kwa wapiga picha wenye kibali ni nyimbo tatu za kwanza, bila flashi, halafu mnatolewa kwenye piti, yaani ile nafasi kati ya uzio na jukwaa. Soma masharti ya tamasha lenyewe, wengine wanatoa wimbo mmoja tu, na matamasha mengi hayaruhusu kamera ya kubadilisha lenzi kwa mwenye tiketi ya kawaida. Waulize waandaaji kwa maandishi mapema, siyo getini ukiwa na begi mgongoni.

Nyimbo tatu ni kama dakika 10 hadi 12. Zigawe. Wimbo wa kwanza sura za karibu, maana hujui taa zitakuwaje baadaye. Wa pili hamia upande wa pili, chukua gitaa na drams. Wa tatu lenzi pana, jukwaa zima, kisha geuka nyuma upige umati.

Adabu ya piti: begi mgongoni hapana, liwe kiunoni au chini ya uzio. Usiweke kitu jukwaani. Ukipita mbele ya mwenzio inama. Usiinue kamera juu ya kichwa fremu baada ya fremu, nyuma yako kuna mtu. Mabaunsa wakipokea mtu anayevushwa juu ya vichwa vya umati, toka njiani haraka. Wao wanafanya kazi ya uhai, wewe ya picha.

Masikio, tafadhali. Mwongozo unaotumika sana kazini ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila zikiongezeka 3 muda unakatwa nusu. Piga hesabu: kwa desibeli 100 umebakiwa na dakika 15, na mbele ya spika za jukwaa 100 zinapitwa. Vizibo vya sponji: sokota viwe vyembamba, vuta sikio juu kwa mkono wa pili, ingiza, shikilia hadi vijae.

---

#18 Kivuli50

Na leza? Nasikia zinaua kamera.

---

#19 FundiMwanga

Zinaweza kuua, ndiyo. Mwali wa leza ukiingia moja kwa moja kwenye lenzi unakusanywa kuwa nukta moja kwenye sensa, na nukta hiyo inaungua: kinabaki kidoa au mstari wa rangi kwenye kila picha utakayopiga tena. Kamera zisizo na kioo cha ndani (mirrorless) ziko hatarini zaidi kwa kuwa sensa yake iko wazi muda wote unaotazama. DSLR (yenye kioo hicho) sensa yake inafunikwa hadi unapobonyeza au kuwasha skrini ya moja kwa moja. Simu nayo haijasalimika.

Mihimili ikipita juu ya vichwa, piga kutoka pembeni. Ikianza kushuka usawa wa umati, elekeza lenzi chini au weka kifuniko.

Miale ya moto jukwaani ni kesi nyingine, inabadilisha mwanga kwa kufumba na kufumbua. Ukiona mafundi wanawasha vichocheo au ukikumbuka kwamba wimbo uliopita moto ulitoka kwenye kiitikio, shusha ISO hatua mbili mapema, mfano 3200 kwenda 800. Moto wenyewe utamulika nyuso. Vikaratasi vya kurushwa: 1/500, lenzi pana, rudi nyuma kadiri uwezavyo. Fataki: tripodi, kidhibiti cha mtikiso zima, ISO 100, f/8 hadi f/11, shata sekunde 2 hadi 4, fokasi ya mkono iliyowekwa mapema kwenye taa ya mbali.

---

#20 TamashaTu

Kadi na betri? Na mvua ikinyesha?

---

#21 MamaLenzi

Betri tatu kwa siku nzima, ikiwa kamera haina kioo cha ndani. Zilizokwisha ziweke mfuko tofauti, usije ukabadilisha gizani iliyokufa kwa iliyokufa.

Kadi: RAW ya megapikseli 24 ni kama MB 28, hivyo GB 64 inabeba zaidi ya 2000. Ila ukipiga fremu 10 kwa sekunde unazalisha MB 280 kila sekunde, na kadi inayoandika MB 90 itakwama katikati ya kuruka kwa msanii. Namba kubwa iliyoandikwa mbele ya kadi mara nyingi ni kasi ya kusoma. Tafuta alama ya V: V60 inahakikisha angalau MB 60 za kuandika kwa sekunde, V90 ni 90. Na piga vipande vya fremu 3 au 4, acha kushikilia kitufe kama unamwagilia bustani.

Vumbi: usibadilishe lenzi umati ukicheza. Ikibidi, geukia mbali na upepo, zima kamera, mdomo wake uangalie chini, lenzi nyingine iwe tayari mkononi. Usipulize kwa mdomo, unatema mate kwenye sensa. Tumia kipulizio cha mpira.

Mvua: mfuko wa plastiki, toboa tundu, pitisha lenzi, funga kwa mpira kuzunguka kofia ya lenzi, kioo kibaki nje ya plastiki. Zumu inayorefuka hunyonya maji ikirudi ndani, kwa hiyo ifute kabla ya kuirudisha.

---

#22 Njiwa_Manga

Ikishalowa kabisa?

---

#23 MamaLenzi

Zima, usijaribu "kuona kama inawaka". Toa betri na kadi, futa nje kwa kitambaa kikavu, toa lenzi ukiwa mahali pakavu, halafu kila kitu kwenye chombo kilichofungwa pamoja na vifuko vya silika vya kutosha, siku moja au mbili. Mchele hapana, una unga na unga unaingia kwenye zumu. Kikaushia nywele hapana, kinasukuma maji ndani zaidi.

Hata bila mvua, ukitoka kwenye gari lenye kiyoyozi kuingia joto la uwanjani, lenzi inatokwa jasho. Acha kamera ndani ya begi lililofungwa kwa nusu saa ipate joto taratibu. Ukiifungua mapema ukafuta, ukungu unarudi, na ukiendelea kufuta unaichuna lenzi.

---

#24 chenga_tupu

Shata ya mitambo nimeiwasha, taa za jukwaa hazina mistari tena. Imebaki kwenye ile skrini kubwa ya nyuma tu.

---

#25 FundiMwanga

Hiyo skrini ina mpepeso wake. Shuka 1/125 kama msanii ametulia. Kama anaruka, baki 1/500 na usogee hadi skrini itoke nyuma ya uso wake.